Kumsomea yatima habari za yatima: Heidi katika darasa la Moshi

Mwalimu wa Moshi anayetaka kulisomea darasa lake riwaya ya Heidi ataulizwa mapema, na mwalimu mwenzake au na mlezi: humo darasani wamo watoto waliofiwa na wazazi, kwa nini uwatoneshe kidonda?

Kisa chenyewe ni hiki. Johanna Spyri, mwandishi wa Uswisi, alikitoa kwa sehemu mbili, mwaka 1880 na 1881. Heidi ana miaka mitano. Baba yake aliangukiwa na boriti akafa, na mama akamfuata baada ya wiki chache. Dete, mama yake mdogo, anampeleka kwa babu aishiye peke yake mlimani, mzee aliyekosana na kijiji kizima. Mtoto akishazoea, Dete anarudi kumchukua na kumpeleka Frankfurt, Ujerumani, akakae na Clara, binti asiyeweza kutembea, mtoto wa tajiri.

Wanaopinga wana hoja. Wachagga wengi huzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kwa hiyo mtoto wa Marangu au Uru huenda analiona kaburi la mzazi wake kila siku, na bado hakuna mkubwa anayezungumza naye juu ya kifo kile. Kuna wadogo wanaoambiwa "baba amesafiri". Sura ya kwanza ikisomwa bila walezi kuarifiwa, mtoto atarudi na maswali kwenye nyumba isiyo na majibu, na lawama zitamwangukia mwalimu. Hapo wanaopinga wako sahihi kabisa. Ila kosa hilo dawa yake ni kuwaarifu walezi wiki moja kabla, si kukifungia kitabu kabatini.

Kinachonifanya nikitetee ni sura ya 6 hadi ya 12, zile za Frankfurt. Kutolewa kijijini na ndugu kwenda kukaa kwa watu mjini ni jambo ambalo watoto wetu wanalijua vizuri, na Spyri ameliona kwa ndani. Heidi anakula vizuri, analala pazuri, wala hapigwi. Anaficha mikate myeupe kabatini ili ampelekee bibi kipofu kule mlimani, nayo inatupwa. Hasemi kwamba anataka kurudi, maana anaogopa kuonekana hana shukrani. Usiku anatembea akiwa usingizini, na kila asubuhi mlango wa mbele unakutwa wazi hadi watumishi wanadhani ni mzimu. Daktari anapomuuliza kama huwa analia, anajibu kwamba msimamizi wa nyumba amemkataza.

Mtoto anayeishi kwa mjomba, au aliyepelekwa bweni mapema, anaelewa ukimya huo bila kufafanuliwa. (Ni vyema kwamba mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa walio chini ya Darasa la Tano.) Tena mwalimu mwenyewe anapata funzo: majonzi ya mtoto mara nyingi hutokea usingizini, kwenye chakula, au kwenye tabia inayoitwa utundu.

Udhaifu wa kitabu uko kwenye tiba yake. Heidi anarudishwa mlimani na kupona. Mtoto wa hapa ambaye nyumba ya wazazi imefungwa au kihamba kimechukuliwa na ndugu hana pa kurudi, na akiachwa na mwisho ule peke yake anaweza kuona kwamba yeye ndiye asiye na bahati. Nyanya wa Clara naye anamwambia Heidi amweleze Mungu yote, ushauri mzuri, lakini mwalimu asiutumie kumnyamazisha mtoto anayetaka kumweleza mtu.

Kwa vitendo, sura nyingi ni ndefu kuliko kipindi cha dakika 40. Igawe sura mara mbili: soma dakika 25, zinazobaki ni za mazungumzo. Ukiwa na nakala ya Kiingereza kwenye shule inayofundisha kwa Kiswahili, andaa simulizi lako jioni iliyotangulia, kwani kutafsiri papo hapo huua sauti ya mtoto. Ukiwa na toleo lililofupishwa, hakikisha sura ya 11 imo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha Heidi akinyong'onyea huku kila mtu akimwona ana raha. Usiimalize sura hiyo Ijumaa; sura ya 11, 12 na 13 zisomwe wiki moja, mtoto asikae na huzuni ile siku mbili bila kujua kilichofuata.

Usiulize "nani hapa hana mama?" wala usiwachoreshe familia zao. Uliza juu ya Heidi: kwa nini hasemi? Angemwambia nani? Asiyetaka kujibu aachwe, na anayetoka nje asifuatwe na darasa zima bali na mtu mzima mmoja.

Sehemu ya pili, ambamo Clara anasimama na kutembea baada ya kukaa mlimani, nisingeisoma mbele ya darasa lenye mtoto mwenye ulemavu wa miguu. Ibaki maktabani kwa atakayeitaka.