Huku hawasemi, kwetu tunasema mno

Norwich ninakoishi ndiko yaliko makao makuu ya Beat, shirika la Uingereza lililoanzishwa 1989 kusaidia wenye matatizo ya ulaji. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, inakuja wiki ya kuelimisha watu, na vijana wa kujitolea wanagawa vipeperushi: anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) ni nini, bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) ni nini, mwenzio akikimbilia chooni kila baada ya mlo ufanyeje. Safari hii kuna ushauri mmoja ulionikaa moyoni: usiuzungumzie mwili wa mtu, hata kwa kumsifu.

Jioni ileile nikapiga simu ya video nyumbani Chikongola, Mtwara. Shangazi hata shikamoo hajaipokea: "We mtoto, mbona mashavu yamebonyea? Huko hamli?" Nyuma yake mtu anadakia, "Muulize kama anaumwa!"

Najua mtakavyosema. Kaenda Ulaya juzi, leo hataki kuambiwa kakonda. Anajidai. Haya, semeni, lakini nisomeni hadi mwisho. Nyinyi wenyewe mnajua kukonda kunasomwaje mtaani kwetu. Ukipungua kidogo tu, umekanyaga waya, yaani una UKIMWI. Ukinenepa, mume anakutunza. Mwanamume akiota kitambi baada ya malipo ya korosho, hiyo ni heshima. Mwali akitolewa ndani lazima awe amenawiri, la sivyo kungwi na mama mtu wote watasemwa. Mwili wa mtu kwetu ni mali ya ukoo mzima, na kila mwanaukoo ana maoni.

Ndiyo maana binti wa binamu yangu alimeza vidonge vya kunenepa kabla ya harusi yake. Alikuwa kimbaumbau tangu utotoni, na kila shughuli lazima apatikane wa kumshika mkono na kuuliza kwa sauti kama nyumbani kuna njaa. Vidonge alivipata kwa fundi wake wa nywele, vimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, havina jina. Vingi vinavyouzwa hivyo ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, au dawa ya mzio inayoleta usingizi na hamu ya kula. Deksamethasoni ina kazi yake hospitalini, ila ukiimeza kiholela inapandisha sukari na presha, na ukizoea inadhoofisha mifupa. Uso ukamvimba ukawa duara. Ukumbini watu wakapiga vigelegele: kapendeza! Hakuna aliyeuliza uso ule umetokea wapi. Sisi tunaosema kila kitu, siku hiyo tulikuwa mabubu.

Wa pili atanijibu kwamba hayo ni magonjwa ya wazungu, mtu hana uhakika wa mlo unamletea habari za kujinyima mlo. Hoja hii naiheshimu, maana mimi pia nimekula ming'oko, mizizi ya porini, kwa sababu unga umeisha. Lakini kwenye visiwa vya Fiji nako walisema hivyohivyo. Kule mwili mnene ulisifiwa kama kwetu. Televisheni ikaingia, na mtafiti Anne Becker akawahoji wasichana wa shule katika eneo la Nadroga. Mwaka 1995, televisheni ikiwa bado ngeni, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walifika asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa televisheni tu. Wetu wana simu kitandani, mchana wanaambiwa wanenepe, usiku wanaoneshwa viuno vya nyigu, na katikati kuna mkorogo unaong'arisha uso na kuacha viungo vya vidole vyeusi.

Msidhani nawasujudia wazungu. Adabu yao hii ya kutogusa mwili wa mtu ina ubaridi wake. Kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, kuna mwenzetu alikuwa anakuja na chakula na kurudi nacho. Kila mtu aliona. Kila mtu akakaa kimya kwa kuogopa kumkwaza, hadi akaanguka zamu ya usiku. Kwetu asingefika huko! Kwenye sinia moja mkono usiorudi unaonekana papo hapo, na bibi ataamuru ule mbele yake. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na inapenda mlango uliofungwa. Mlango gani unafungwa Chikongola? Hapo Mtwara kuchele, najivuna wala sijifichi.

Kwa hiyo vijana wa kujitolea nawataka, na wa kwetu wataifanya kazi hii vizuri kuliko wale wa Norwich. Wakati wa kampeni za UKIMWI tulikuwa na waelimishaji rika, wanazunguka na ngoma na maigizo, wanataja kondomu mbele ya wazee na wazee wanacheka. Waliojua kulisema lile watashindwaje kumwambia shangazi aulize "umekula?" badala ya "umekonda?"

Ila wasianzie shuleni, waanzie saluni, ndiko vidonge viliko. Na mabango yao wasiweke picha ya mzungu mwenye mbavu nje, maana watu watasema "maskini, hana ndugu", kisha wataagiza vidonge.