Panya wa Karanga

Kwa kuwa binamu yangu ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kwa kuwa humo anadai kwamba paka aliruka dirishani kwa hofu, ninalazimika kueleza yaliyotukia mjini Bombo, Uganda, usiku wa kuamkia harusi ya dada yake. Paka hakuruka dirishani. Alifanya jambo baya zaidi, nami nitalifikia.

Wageni tulizidi vitanda, basi wanaume tisa tukatandikiwa mikeka sebuleni kwa shangazi, kando ya magunia mawili ya mchele na moja la karanga. Nilikuwa nimetoka kazini Kampala siku hiyohiyo, deni la kodi ya nyumba ya miezi miwili likinizunguka kichwani, na wazee waliokuwa wakipiga soga uani wakanikaribisha kahawa ya tangawizi. Nilikunywa vikombe sita. Naomba mvikumbuke vikombe hivyo.

Yaliyofuata nilisimuliwa, kwa maana mhusika mkuu alikuwa amelala. Mnamo saa nane usiku mzee mmoja aliamka akatangaza kwamba panya yumo ndani ya karanga, tena si panya mdogo. Vijana wakalitikisa gunia. Sauti ikakoma, kwa sababu wakati huo niligeuka ubavu. Walipolala tu, ikaanza upya. Shangazi akatoka chumbani na kandambili mkononi, akaagiza paka aletwe kutoka jikoni.

Nilifumbua macho. Kwanza niliona mwanga wa tochi ya simu, kisha nikahisi masharubu yakinipapasa shavu la kushoto, kisha pumzi yenye harufu ya mukene, yaani dagaa. Paka alikuwa ameketi kifuani pangu, masikio ameyaelekeza kinywani mwangu, mguu mmoja wa mbele ameuinua kama anayesubiri mwenye nyumba atoke. Juu ya paka palikuwa na kandambili. Juu ya kandambili palikuwa na uso wa shangazi. Nyuma ya shangazi walisimama wanaume wanane waliojifunga shuka, mmoja wao akiwa na mwiko wa pilau, na hakuna aliyetamka neno. Nami, kwa kuwa taya zangu zilikuwa bado hazijapata habari kwamba mwenyewe ameamka, nikasaga meno mara moja zaidi, kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi wote.

Hapo ndipo paka aliponipiga kofi.

(Kwa wale walioniandikia kuuliza kama alitoa kucha: alitoa, ila kwa kiasi.)

Shangazi akaishusha kandambili taratibu. "Baba," akasema kwa huruma, "una minyoo." Kabla ya alfajiri nilikuwa nimemeza kidonge cha albendazo cha miligramu 400 mbele ya baraza zima, kwa maana si rahisi kumbishia mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa tayari kukuua kwa nia njema. Kuhusu harusi yenyewe sitasema mengi, isipokuwa kwamba mshereheshaji alikuwa ameshapewa habari.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa daktari wa meno. Alinimulika kinywani, akasema magego yangu yamelika juu yakawa bapa, na kwamba gamba gumu la nje la jino likishalika halioti tena. Akauliza kama huamka na maumivu ya taya na ya kichwa kwenye panja. Ndiyo, nikajibu, ila miaka yote nilikuwa nikiulaumu mto. Nilipomtajia minyoo alitabasamu, akasema imani hiyo imeenea sana lakini haijapata uthibitisho wa kutosha. Chanzo, alisema, mara nyingi si kimoja: mawazo mengi, kahawa, pombe, sigara, baadhi ya dawa za sonona, hata tatizo la pumzi kukatika usingizini. Kwa hofu hiyo ya mwisho aliniuliza sana habari za kukoroma. Kisha akauliza kama katika familia kuna mwingine anayesaga meno, kwa kuwa jambo hili huweza kuandama ukoo, nami nikamkumbuka baba, ambaye mama alikuwa akimlalamikia kila asubuhi kwamba amelala na kinu. Shangazi ni dada yake baba. Walikulia nyumba moja. Angeweza kunitetea.

Daktari alinijaza kinywani uji mzito wa rangi ya waridi, ukaganda kwa dakika chache huku nikidondosha udenda kama mtoto, na kutokana na alama hizo nikatengenezewa kifaa cha plastiki cha kuvika meno ya juu usiku. Hakiponyi, alinionya, taya zitasaga plastiki badala ya jino. Kahawa niishie mchana, na mawazo niyapunguze. Kuhusu kodi ya nyumba hakuniandikia dawa.

Jana shangazi amenipigia simu. Alipoliinua gunia la karanga ili asafishe sebule, alilikuta limetobolewa chini, na karanga za kujaza sufuria nzima hazipo. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba basi panya alikuwapo. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama dawa ile niliimeza kweli au niliificha chini ya ulimi.