Rada ya Ami Yageuka Refa

Ami yangu ana boti ya uvuvi pale Sahare, Tanga. Jirani yake alipoibiwa mashine usiku, ami aliapa kuwa yake italindwa kwa rada. Akampata mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vya mashua yake, akanunua rada aina ya BR24 ya kampuni ya Navico: kidubwasha cheupe cha inchi 18, ukikiona juu ya kibanda utadhani sufuria la pilau limesahaulika huko.

Kufunga nilifunga mimi. Rada ile husema kwa waya wa mtandao, basi botini nikaweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye OpenCPN, programu huria ya ramani za bahari, na nyongeza yake ya rada, radar_pi. Data za rada ni nyingi, bando la simu haliziwezi, kwa hiyo zinabaki kulekule botini. Mimi natazama kioo cha Pi kwa mbali. Nimekaa barazani Ngamiani naiwasha, nabadili umbali wa kuona, napunguza makelele ya mawimbi. Na haina magnetroni, ile taa ya kuzalisha mawimbi ya rada za zamani, ya kusubiri ipate moto. Inarusha mfululizo, moja ya kumi ya wati tu, na vitu vya karibu kabisa na boti inaviona. Vya karibu hasa ndivyo vilivyotuletea balaa.

Ami alitaka eneo la ulinzi: nukta zikijaa humo, king'ora kilie.

"Kilie kweli, mwanangu. Mwizi ajute." Akaleta spika ya kutangazia harusi.

Asubuhi moja ya bamvua akawaita wenziwe wa kahawa waje waone mambo. Nikawasha. Vidoa vimeizunguka boti. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini hawa walikuja na hawana habari ya kuondoka. Wanakwenda, wanarudi, wanatawanyika, mara wamejazana ubavuni.

"Maharamia!" Ami kaweka kikombe chini.

"Sahare?" mzee mmoja akauliza. "Wafuate nini, dagaa?"

Ami akampigia mlinzi, sauti ya juu ili baraza lote lisikie.

"We kijana, boti imezingirwa!"

"Shikamoo, ami. Imezingirwa na nini? Maji yamekupwa, boti imekaa mchangani. Watu wanacheza mpira."

Nyuma yake king'ora kikalia, na umati ukalipuka: "Gooo!"

"Na hiyo kelele?"

"Ndiyo refa, ami. Ubavu wa boti ndiyo goli. Zamani tulikuwa tunapigana kila siku, imeingia, haijaingia. Siku hizi boti ikilia, basi imeingia. Hakuna ubishi."

"Zima!" ami akanigeukia. Nikabofya, kioo kikawa cheusi. Kwenye simu yakapanda matusi ambayo wazee wale walijifanya hawayajui.

"Ami, mmezima? Jamani! Tumefungwa mbili moja, na kuna penalti!"

"Tumefungwa? Wewe umo?"

Kimya kidogo.

"Mimi ndiye golikipa, ami."

Baraza likaangua kicheko, mmoja akapaliwa na kahawa. Ami peke yake hakucheka. Alivuta kiti karibu na laptopu yangu, akavaa miwani.

"Penalti ya nani?"

"Yao, ami."

"Washa."

Nikawasha. Kidoa kimoja kikarudi nyuma, kikasimama, kikakimbia. Vingine vyote vikavamia ubavu kwa pamoja. King'ora kikalia mpaka simu ikakoroma.

"Imeingia?" ami akauliza. "We! Imeingia?"

Golikipa alikuwa keshakata simu.