Mtoto akirudi nyumbani amefilisika, mpeni spana

Nilirudi Tanga mwaka juzi na mabegi mawili na deni. Duka langu la vitenge Kariakoo lilikuwa limefungwa, mzigo wote umekwenda kwa walionidai, na mimi, mwanamke wa miaka 34, nikarudi kulala katika chumba nilichokiacha nikienda chuo. Kila aliyekuja kunipa pole alikuja na nasaha yake. Shangazi aliniambia nizidishe dua. Kaka akasema laiti ningeandika hesabu kila siku. Mjomba alinitajia biashara tatu ambazo angezifanya yeye. Walinitakia heri wote, na kila walipoondoka nilijifunika shuka nikalala mchana kutwa.

Baba hakusema kitu wiki nzima. Siku ya nane, baada ya sala ya alfajiri, aligonga mlango. "Mama, njoo unishikie tochi."

Naandika haya kwa wazazi walio na mtoto wa aina yangu ndani ya nyumba. Wapo wengi siku hizi: waliopunguzwa kazini, walioliwa na mikopo, waliovunja ndoa. Nasaha anazo za kutosha. Mpeni kazi ya mikono, na muifanye naye.

Kazi yetu ilikuwa gari, Peugeot 504 saluni ya milango minne ya mwaka 1978, iliyokaa chini ya mwarobaini uani kwetu Ngamiani kwa miaka 14. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Upepo wa bahari hapa Tanga hauna huruma na chuma. Tochi ilipoingia chini ya kanyagio za dereva niliuona mchanga wa uani kupitia sakafu ya gari. Injini ilikuwa imeganda kwa kutu, haizunguki hata kwa kusukumwa na watu wanne. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanapita kila mwezi kuuliza bei.

Asiyekulia zama za Baba anaweza kuliona kopo tu. Yeye alikuwa mtoto wakati magari ya mashindano ya Safari Rally yanapita Tanzania, na mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 ikatoka 504, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ove Andersson akashinda nayo Safari mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Ufaransa waliacha kuunda saluni mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000, kwa sababu barabara zetu zilikuwa zinaihitaji bado. Ukiwataja madereva hao mbele ya Baba, anaweka spana chini kwanza.

Mambo haya yote aliniambia akiwa amelala chali chini ya gari. Na hapo hapo, siku moja tunafungua ekzosi, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baba alikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge; alikuwa anatengeneza korona, ile mashine ya kuchakata majani. Mkonge wa nchi hii ulizidi tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960. Kamba za nailoni zilipojaa duniani, na mashamba yakazidi kuchoka, uzalishaji ukashuka hadi kubaki kama sehemu moja ya kumi. Mwaka 1998 Baba akapunguzwa. Nilikuwa darasa la tatu. Sisi watoto tuliambiwa yuko likizo, na likizo ile haikuisha. Hiyo 504 aliifanya teksi ya Muheza na Pangani, na ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye kiti kile kile ambacho kuku walitagia.

Nilikuwa nimeshika tochi. Sikujibu. Lakini usiku ule ndio wa kwanza nilioulala vizuri.

Nitasema kidogo kuhusu injini, maana mengi yaliyobaki yamo humo. Injini ya 504 ina slivu zinazotoka, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni ikishakula ukuta wa silinda huna haja ya kupeleka bloku kuchongwa; unachomoa slivu ya zamani, unasafisha kiti chake, unaingiza mpya. Tulimimina mafuta kwenye silinda, tukangoja wiki mbili, tukaigonga taratibu kwa gongo la mti mpaka ikaachia. Pistoni na slivu mpya zilitoka Mombasa, zikavuka mpaka wa Horohoro ndani ya kiroba cha vitunguu. Baba alinipa mimi kazi ya kusafisha viti vya slivu.

Mwezi wa saba ikawaka. Mama alipiga vigelegele, watoto wa mtaa wakajaa uani. Tukaenda zetu kuelekea Muheza, na kabla ya kufika Pongwe mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka. Tulivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Mafuta ya injini yalikuwa yamekuwa meupe kama chai ya maziwa: maji yameingia. Jioni ile nilimwambia Baba tuwaite watu wa vyuma chakavu. Akanawa mikono, akala, akasema tufungue kesho.

Tulipotoa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, alilaza rula ya chuma juu ya slivu zote nne, akaniambia niweke tochi upande wa pili. Kwenye ya tatu mwanga ulipenya. Ilikuwa imekaa upande, kwa unene wa ukucha labda, kwa sababu chini yake nilikuwa nimeacha gamba la kutu. Kosa langu tupu. Nilisubiri aseme. Alisema, "Hapa," akanipa msasa.

Siku mbili nilisugua kiti kimoja. Siku ya pili, bila kuulizwa, nikamweleza Baba duka lilivyokufa: nilichukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na miezi minne nikamficha kila mtu. Sebuleni, ananitazama usoni, nisingeweza kamwe. Pale macho yetu yote yalikuwa kwenye chuma. Aliuliza swali moja tu, la riba. Kisha akasema yeye mwaka 1998 aliuza cherehani ya Mama bila kumwambia.

Najua hoja ya wanaosema fedha zile zingeanzisha biashara mpya. Gari limekula kama milioni 3 kwa miezi 11, nazo ni fedha za minazi ya Baba na kidani changu. Nawajibu hivi: aliyekuwa amelala chini ya shuka mchana hakuwa na uwezo wa kuendesha hata meza ya karanga. Mngempa mtaji, angeupoteza, na mara hii asingeinuka.

Wala si lazima liwe gari. Paa linalovuja linatosha, au shamba lililoota magugu, mtumbwi wenye ufa. Ila iwe kazi ambayo mzazi mwenyewe anaihitaji, na mzazi ashike upande mmoja. Wapo wanaomtupa kijana gerejini kwa fundi asiyemjua, halafu wanashangaa harudi na nuru. Huyo kijana alikuwa anamhitaji mzazi wake, aliyepaka grisi mikono, anayekosea naye bolti.

Siku hizi nina meza ya vitenge sokoni, mzigo mdogo, hauna mkopo ndani. Daftari la hesabu huwa namsomea Baba kila Ijumaa tukitoka msikitini, mimi nikiwa nyuma ya usukani. Muheza tumeshafika mara sita. Mlango wa nyuma wa kulia bado haufungi mpaka uubamize, na kitasa chake tumekiagiza Mombasa.