Saa za betri za zamani: mkusanyaji azidharau?

Wakusanyaji wengi wa saa za mkono wana dharau moja hawaifichi: saa ya kutia ufunguo, inayoendeshwa na springi, ni sanaa, saa ya betri ni bidhaa tu. Dharau hiyo ina sababu zake. Ila kwa saa za kwatsi za mwanzo, yaani za betri zinazopima muda kwa mtetemo wa fuwele, za 1969 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, naona inakosea shabaha.

Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko iliingiza sokoni Quartz Astron jijini Tokyo, kwa yen 450,000, takriban bei ya Toyota Corolla mpya. Kasha lilikuwa la dhahabu. Ndani, fuwele ya kwatsi ilitetema mara 8,192 kwa sekunde, na saa ilikosea sekunde 5 kwa mwezi, kiasi ambacho saa nzuri ya springi hukosea kwa siku moja. Aliyeinunua hakufuata urahisi wa bei.

Waswisi nao hawakuwa wamelala. CEH, maabara ya utafiti wa saa mjini Neuchâtel, ilishatengeneza saa ya majaribio ya kwatsi, Beta 1, mwaka 1967, na mwaka 1970 Omega, Patek Philippe, Rolex na wenzao wakatoa saa zenye mtambo wa Beta 21. Kilichowaumiza ni bei za saa za betri kuporomoka miaka iliyofuata, huku faranga yao ikipanda thamani. Ajira katika viwanda vyao vya saa zikashuka kutoka karibu 90,000 mwaka 1970 hadi takriban theluthi yake katikati ya miaka ya 1980. Kinyongo cha hapo hakijaisha.

Hoja nzito ya wapinzani, kwangu, iko mezani kwa fundi. Fungua mfuniko wa nyuma: betri iliyosahaulika imevuja, ukungu wa kijani umetambaa hadi kwenye sakiti, koili ya waya mwembamba kuliko unywele imekatika. Gurudumu la saa ya springi likivunjika, fundi hodari hulichonga upya. Sakiti ya 1975 ikifa, hakuna wa kuichonga. Utatafuta saa nyingine ya aina hiyo uichinje kwa vipuri, kama utaipata.

Hata hivyo, hizi si zile za plastiki za kutupa. Rolex Oysterquartz ya 1977 ina vito 11 vya kupunguza msuguano na mtambo wa chuma unaofunguka na kusafishwa kama wa saa ya ufunguo. Citizen Crystron 4 Mega ya 1975 ilikosea sekunde 3 tu kwa mwaka, na hakuna saa ya springi ya mkononi, hata ya leo, inayoikaribia. Anayedai kupenda ufundi wa kupima muda halafu akaziruka hizi, anapenda kitu kingine, pengine mlio wa tiki-tiki.

Basi nunua inayotembea, na ukiihifadhi itoe betri. Ile inayouzwa kwa maneno "inahitaji betri tu" iache: betri ni rahisi, na muuzaji huyo kwa vyovyote alishaijaribu.