Panya Kasoma, Mie Nakaanga Chipsi

Wanasema Morogoro ni mji kasoro bahari. Sawa, bahari hatuna, ila tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, watu wa baharini tunao kila Jumamosi. Zamani shemeji yangu kutoka Dar kuja huku ilikuwa safari ya kuaga. Siku hizi hata saa mbili haziishi kashashuka stesheni, na salamu yake ni moja: "Shem, mlimani tunapanda lini?"

Jamani! Ule mlima wa Uluguru nautazama miaka kumi na tisa, kutokea kwenye karai langu la chipsi jirani na SUA, chuo kikuu cha kilimo. Tunaheshimiana. Mie sijawahi kuupanda, nao haujawahi kuja kukopa zege, yaani chipsi mayai.

Lakini mgeni ni mgeni. Tukapanda hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani. Njiani tunapishana na kina mama wa Kiluguru wanashuka na matenga ya ndizi kichwani, wanapiga soga kama wako barazani. Nikataka kumwamkia bibi mmoja, nikafika "shika...", pumzi ikakata. Akaitikia hivyo hivyo: "Marahaba mwanangu, hebu kaa chini."

Huko juu shemeji, kati ya picha na picha, kanikumbusha uchungu. "Eti panya wa huku wanasomeshwa SUA?" Wanasomeshwa, ndiyo. Wananusa mabomu ya ardhini, wananusa hadi kifua kikuu. Mmoja, Magawa, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza. Kisha akastaafu. Panya! Mie safari yangu ya mbali ni Dodoma, tena msibani.

Tunashuka, magoti yanacheza ngoma, simu ikaita. Jirani: "Bumu limeingia, we uko wapi?"

Bumu, hela ya mkopo wa wanachuo! Wana hela leo tu, kesho wanarudia chipsi kavu nusu sahani. Na madeni ya muhula mzima yamo kwenye daftari langu: zege, mishikaki, mpaka soda za wapenzi wao. Nikamwacha shemeji na kamera yake, nikarukia bodaboda mpaka kibandani, nikavuta droo.

Panya wangu mie hakupita chuo chochote. Kalitafuna daftari lote, kasaza ukurasa mmoja: deni langu kwa muuza viazi.