Jipya lipite kwenye nta kwanza

Mama aliyekuwa akinifundisha alichukua chantingi yangu, kalamu ya kuandikia nta ya batiki, akaisogeza mdomoni mpaka ikakaribia kugusa, akapuliza. Nta iliyoganda kwenye kijibomba chake ikafunguka. Akainama juu ya kitambaa, akatia nukta saba kuzunguka petali la ua, zote sawa kama punje za uwele, kisha akanirudishia bila neno. Nukta yangu ya kwanza ilikuwa uwele. Ya pili ilikuwa hindi. Ya tatu ikatanda mpaka ikameza mstari wa jirani.

Tulikuwa Giriloyo, kijiji cha Bantul, kusini mwa Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Hapo karibu ndipo Imogiri, kilima wanakozikwa masultani. Mimi natengeneza batiki Dar es Salaam, mwaka wa 12 sasa, kwa njia tuliyoizoea wengi: mishumaa unaiyeyusha kwenye sufuria, kipande cha godoro ulichokikata ua na kukigundisha kwenye kibao unakichovya, unagonga, unasogea. Jora zima laweza kuisha kabla ya adhuhuri. Pale Giriloyo jirani yangu wa kulia alikuwa na kitambaa kimoja alichokianza miezi miwili nyuma, na rangi ya kwanza ilikuwa bado.

Batiki ya namna hiyo wao huiita batik tulis, na tulis maana yake ni kuandika. Chantingi ndiyo kalamu: kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, kimefungwa kwenye kijiti. Unaandika upande mmoja, unageuza kitambaa, unaandika tena upande wa pili juu ya mistari ileile ili rangi isipenye kutoka nyuma. Nta yenyewe si mshumaa mtupu. Ni mchanganyiko wa nta ya nyuki, parafini na utomvu wa msonobari, na kila ukoo wa mafundi una vipimo vyake. Parafini ikizidi, nta inapasuka, rangi inaingia kwenye nyufa. Zile nyufa ambazo sisi tunakunja kitambaa makusudi ili tuzipate, kwa mama yule ni kosa. Nilipomwonyesha picha za kazi zangu kwenye simu alitazama kwa heshima, akagusa nyufa kwa kidole, akauliza kupitia mkalimani kama nta yetu ni mbaya.

Swali hilo halijaniacha. Maana nyufa hizo zina historia, na historia hiyo inatuhusu. Katika karne ya 19 Waholanzi walijaribu kuiga batiki ya Java kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe. Utomvu ukawa unapasuka, vitambaa vikatoka na michirizi, na wanunuzi wa Java hawakuvitaka. Afrika Magharibi vilipokelewa kwa mikono miwili, michirizi na yote. Kiwanda cha Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, kimeishi kwa biashara hiyo mpaka leo. Kitenge cha waksi tunachoshonea sare za harusi kina damu ya Java, na kilichokuwa dosari huko kimekuwa pambo huku.

Kwa hiyo mtu asinitafutie nafasi miongoni mwa wanaosema sanaa ya jadi isiguswe. Warsha za kuipa sanaa ya zamani sura ya leo zimekuwa nyingi Asia ya Kusini-Mashariki, kwa vikaragosi vya wayang, kwa ngoma za Kambodia, kwa batiki, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Java haijawahi kukaa kimya. Mihuri ya shaba ya kupigia nta iliingia karne hiyo hiyo ya 19. Wanaiita chapu, neno lenye asili moja ya Kihindi na chapa yetu. Pekalongan, mji wa pwani ya kaskazini, ulichukua maua kutoka kwa Wachina na mashada kutoka kwa Waholanzi ukayafanya yake. Wajapani walipoikalia nchi kati ya 1942 na 1945, pamba ikawa adimu, na mafundi wakashikilia mtindo wa pagi-sore, yaani asubuhi na jioni: kitambaa kimoja chenye nakshi mbili tofauti, nusu unaivaa mchana ikiwa juu, jioni unakigeuza na watu wanakuona umevaa kingine. Waliojaza kila upenyo wa vitambaa hivyo kwa vipepeo na maua wakati wa dhiki walikuwa mafundi wa kisasa kabisa.

Ninachokipinga ni kitu kingine. Miaka michache iliyopita, mbali na Java, nilihudhuria warsha iliyotangazwa kwa maneno mazuri kuhusu urithi na ubunifu. Mama mmoja alileta vitambaa vyake vya zamani. Vilipigwa picha asubuhi, mchana nakshi zikakatwa kwenye kompyuta, zikapakwa rangi kali, jioni zikatoka kwenye mashine ya kuchapa zikiwa fulana. Hata jiko la nta halikuwashwa. Yule mama hakuulizwa jina la nakshi hata moja, wala nani alimfundisha, wala kwa nini ile ya kahawia aliikunja peke yake. Tulipiga picha ya pamoja tukaondoka. Nilijisikia kama nimeshiriki kuchukua kitu cha mtu akiwa ameketi papo hapo, na bado najisikia hivyo.

Kitambaa kisichopita kwenye nta si batiki; ni nguo yenye picha ya batiki. Unapoishika chantingi kwa siku tatu, nta inakukatalia mambo. Inakufundisha ni mstari gani mkono unauweza, kwa nini nakshi za zamani zinapinda pale zinapopinda, kwa nini mahali patupu hujazwa nukta na vijani. Ukishayajua hayo, jipya unalolileta linakuwa na mfupa.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja kutoka Ulaya alitaka kuandika parang kwenye kitambaa cha kutengenezea kandambili. Parang ni ile nakshi ya mawimbi yanayolala mshazari, ambayo zamani ilikuwa ya watu wa ikulu tu, wengine wakikatazwa kuivaa. Mama alitikisa kichwa. Hakugomba. Alieleza kwamba hiyo haiwekwi chini ya mguu, akamchorea nyingine kwa penseli. Baadhi ya wenzangu waliona amewabana. Mimi nilifikiria kisutu. Mwanamke wa Mombasa au Zanzibar ukimwambia kisutu cha bibi harusi kitafaa kuwa tambara la kudekia, atakutazama vipi? Java nako wana nakshi za ndoa: maharusi huvaa sido mukti, wazazi wao huvaa truntum, vinyota vidogo vidogo kwenye giza. Anayetaka kuzibadili ana haki ya kujaribu, lakini ajue kwanza anamwingilia nani katika siku yake.

Na kuna swali kubwa kuliko la nakshi: warsha inamwacha fundi akiwa nani? Giriloyo walikuwa na ufundi tangu mabibi wa mabibi, lakini kwa muda mrefu wanawake wake walikuwa vibarua. Walipewa kitambaa cheupe na wafanyabiashara wa mjini, wakaandika nta, wakakirudisha kikiwa hakijatiwa rangi, wakalipwa ujira. Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko la ardhi likaipiga Bantul. Watu zaidi ya 5,700 walikufa katika eneo lile na nyumba zikawa vifusi. Katika kujenga upya, wanawake hao walipata mafunzo ya kutia rangi, zikiwemo za majani na magome, wakaunda vikundi, wakaanza kuuza vitambaa vilivyokamilika kwa jina lao. Leo mgeni anayetaka kujifunza anawalipa wao. Sijaona tafsiri mpya ya sanaa ya jadi iliyo nzito kuliko hiyo, na nakshi hazikubadilika sana.

Hata kompyuta siikatai. Bandung, mji mwingine wa Java, kuna vijana waliotengeneza programu iitwayo jBatik, inayokuza nakshi za batiki kwa hesabu za fraktali, yaani maumbo yanayojirudia ndani yake kwa ukubwa tofauti. Niliposikia mara ya kwanza nilinuna. Baadaye nikaelewa kwamba mchoro unaotoka huko unarudi kwenye kitambaa, unaandikwa kwa nta, na mafundi wenyewe walifundishwa kuitumia. Hapo kompyuta imekaa mahali pa penseli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali kidogo. Mwaka 1977, katika jangwa la katikati ya Australia, wanawake wenyeji wa eneo liitwalo Utopia walifundishwa batiki kwenye mafunzo ya kawaida tu ya ufundi wa mikono. Hawakuchora parang wala truntum. Walichora mimea ya ardhi yao na michirizi wanayojipaka mwilini kwenye ngoma zao. Mmoja wao alikuwa Emily Kame Kngwarreye, bibi wa miaka zaidi ya sitini aliyeandika kwa nta kwa takriban miaka kumi kabla ya kushika rangi za turubai, kisha akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Australia hadi alipofariki mwaka 1996. Nta ilimkuta ana jambo la kusema.

Sisi huku tuna nta na watu wenye mambo ya kusema, lakini mafunzo yetu hayawakutanishi. Nimekaa kwenye mengi: siku tatu, batiki, sabuni ya maji na vitafunwa, cheti, soda. Tunafundishwa kipimo cha kostiki na bei ya mita. Hakuna anayetuuliza tunataka kuchora nini, na ndiyo maana meza zote za maonyesho zina ua lilelile la godoro. UNESCO ilipoiorodhesha batiki ya Indonesia mwaka 2009, iliyachagua pia mafunzo yanayofanywa mashuleni pamoja na Makumbusho ya Batiki ya Pekalongan kuwa mfano wa kuigwa. Mtoto anafundishwa nakshi za mji wake kwanza. Hilo tu lingetutosha kuanzia.

Tangu nirudi tuko wanawake watano, kila Jumamosi, uani kwangu. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani alitutengenezea chantingi kwa bomba la shaba la friji bovu. Mbili za kwanza zilivuja, ya tatu inaandika. Mkubwa wetu, aliyekulia Pemba akisuka ukili, anauandika ukili wenyewe, mstari kwa mstari, kama unavyopishana kwenye mkeka, na hataki tumwekee nyufa. Ameanza upande wa pili wa kitambaa wiki iliyopita. Bado urefu wa mikono miwili hivi, kisha tutie rangi, tuwashe mkaa tuchemshe nta itoke.